Shangazi wa Vitabu: Wapinzani Wakipendana, Mbona Sisi Ndio Tunakesha?

Mwezi huu barua zimeelemea upande mmoja. Toleo lililopita niligusia kidogo tu zile riwaya za siku hizi zenye wachawi wapole, mazimwi yanayooka mikate na mahasimu wanaoishia kuoana, na tangu hapo meza yangu ya vitabu hapa Ngamiani, Tanga, haina pa kuweka kikombe. Nimechagua barua chache. Mnaonitumia ujumbe wa sauti mrefu, tafadhali andikeni; nikiusikiliza mbele ya wateja, mambo yenu yanafika Barabara ya Ishirini kabla yangu.

*Shikamoo Shangazi. Mie nauza duka la dawa hapa Makorora, nina miaka 26. Usiku nikishafunga hesabu nasoma kwenye simu hadithi za wachawi wawili wenye maduka yanayotazamana. Wanagombania wateja, wanasemana, kisha wanapendana. Mwisho naujua tangu ukurasa wa kwanza na bado nakesha. Kaka yangu ananicheka, anasema ni hadithi za watoto, hata mtu mmoja hafi. Nina kasoro gani? – Mkesha wa Makorora*

Marahaba mwanangu. Kasoro huna. Kaka yako mwulize: harusini kadi imeshasema nani anamwoa nani, mbona yeye huenda, tena hugombania kiti cha mbele?

Hadithi unazozisema wapenzi wake huziita fantasia tulivu. Zilikuwapo zamani kwa majina mengine, ila zilivuma hasa mwaka 2022, pale Mmarekani mmoja, Travis Baldree, aliyekuwa akiishi kwa kusoma vitabu vya sauti vya watu wengine, alipotoa chake, Legends & Lattes. Zimwi la kike limechoka na upanga, linataka kufungua mgahawa wa kahawa katika mji ambao watu wake hawajapata kuonja kahawa. Hapo nilicheka peke yangu. Mji usiojua kahawa! Huku kwetu ukichelewa kidogo baada ya Alasiri, benchi limejaa, kashata zimekwisha, na mwenye dele anakutazama kana kwamba umemkosea. Lakini sharti la aina hii nililielewa hapo hapo: dunia haiangamii. Hakuna mfalme wa giza wa kupinduliwa. Baya kubwa linaloweza kutokea ni tanuri kupasuka au mwenye nyumba kupandisha kodi. Watu walikuwa wametoka kwenye korona, na habari za vita zilikuwa zimewajaa. Si ajabu waliipokea kwa mikono miwili.

Sasa kaka yako anadhani kwa kuwa hafi mtu, hakuna kinachotokea. Kinyume chake. Kwenye riwaya ya vita, mwanaume akimsogezea mwanamke kibakuli cha chumvi, wewe msomaji hukioni kibakuli, unatazama mlango kama adui ameingia. Kwenye hizi zako chumvi ndiyo habari. Jana alimnyima, leo amemsogezea bila kuombwa. Unaweka simu kifuani.

Lakini utulivu peke yake haukeshezi mtu, ungekupa usingizi. Kinachokukesha ni upinzani, na hapa ndipo penye utamu wenyewe. Chukua wapika vitumbua wawili wa mtaa mmoja. Mume wa mmoja wao anakula vitumbua vya mkewe kila asubuhi ya Mungu. Mwulize vikoje, atasema "vitamu". Basi, amemaliza. Yule wa jiko la pili akipita tu na ndoo yake ya maji, pua imeshampa taarifa: leo tui limepunguzwa, mchele haukulowana vya kutosha, hiliki imetwangwa jana. Anajua kwamba chuma cha mwenzake kina kishimo kimoja kinachoshika, na kwamba kitumbua cha pale huzungushwa kwanza kwa ncha ya kijiti, kidogo tu, ndipo kigeuzwe, ujanja ambao mwenyewe hajawahi kumwonyesha mtu. Anaujua kwa sababu amekaa miaka akimtazama mkono, akitafuta kosa. Amechukia, sawa. Lakini nani mwingine katika mtaa mzima amemtazama vile?

Mpinzani ndiye mtu pekee aliyeisoma kazi yako mstari kwa mstari. Mpenzi mgeni anaona macho yako na umbo lako. Huyu alianzia kwenye kazi, tena alikuwa na kila sababu ya kuikataa. Siku anapokiri mbele za watu kwamba "vile vyake ni bora kuliko vyangu", hakuna shada la waridi linaloifikia kauli hiyo. Wewe, mwanangu, unashinda kaunta ukisoma mwandiko wa madaktari na kuhesabu vidonge, na naamini ni wachache sana wanaojua unavyoifanya kazi hiyo vizuri. Nadhani hapo nimegusa kitu.

Wala si jambo jipya. Tamthilia ya Shakespeare yenye Beatrice na Benedick, wanaorushiana maneno mpaka wanajikuta wamependana, ilichapishwa mwaka 1600. Jane Austen alituletea Elizabeth na Bwana Darcy, walioanza kwa kudharauliana, mwaka 1813. (Mwalimu Nyerere alitutafsiria Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, ya Beatrice hakuigusa. Nimemsamehe mengi Mwalimu, hili bado nalifikiria.) Na pwani yetu imeishi kwa mashindano. Ngoma ya beni iliigawa miji yetu kati ya vikundi vya Marini na Arinoti, watu wakashonesha sare na kutumbukiza akiba zao ili tu kuwapita wa upande wa pili. Hapa Tanga, miaka ya 1960 na 1970, tulikuwa na vikundi vya taarabu, Black Star na Lucky Star, na hiyo Lucky Star ilizaliwa humo humo ndani ya Black Star. Nani aliyezisikiliza nyimbo za mmoja kwa makini kuliko yule aliyelazimika kuzijibu?

Kwa hiyo soma. Ila saa sita ifike umelala, watu wa Makorora wanahitaji dawa zilizohesabiwa sawasawa.

*Shangazi, salaam. Nina mabinti wawili wa sekondari na wote wamezama kwenye hivi vitabu. Nimechungulia kimoja. Mwanaume anamdharau msichana kurasa mia, halafu anaitwa mpenzi. Huku si kuwafundisha watoto kwamba anayekutukana ndiye anayekupenda? Na wewe unavisifia! – Baba wa Chumbageni*

Wa alaikum salaam baba. Hofu yako ina mashiko, sitaipuuza. Vitabu vya namna hiyo vipo, vingi, na vinauzwa na majalada mazuri kuliko vile vizuri vyenyewe.

Ngoja nikupe namna ninavyovichambua mezani kwangu. Kwanza naangalia kama hao wawili wana nguvu sawa. Bosi na karani wake si wapinzani. Mwenye nyumba na mpangaji si wapinzani, hata mwandishi awape maneno matamu kiasi gani. Mmoja akikasirika, mwingine analala nje. Mpinzani ni yule mwenye duka kama lako, ng'ambo ya barabara, ambaye ukimjibu hana cha kukufanya ila kujibu tena. Pili, naangalia anasema nini wakati msichana hayupo. Mpinzani wa kweli anashindana na kazi yako; mkorofi anashindana na uso wako. Mgeni akija kumponda yule binti, mwanaume wa kitabu kizuri anakunja uso: wa kumsema yule ni mimi, wewe umemjulia wapi? Ukisoma kurasa hamsini hujakutana na kitu kama hicho, kitabu kirudishe. Na lazima mwanaume ashindwe walau mara moja, ashindwe kweli, na asinune.

Utani tunaujua, baba. Wewe una watani wako, na mtani ana ruhusa ya kukuchokoza hata msibani, lakini ana mipaka, na akiivuka wote waliokaa mkekani wanajua. Mabinti zako wanaweza kuiona mipaka hiyo kwenye kitabu kama wanavyoiona mkekani. Waulize tu, "Huyu angemwambia hivi dada yako, ungefurahi?" Utashangaa watakavyomshambulia shujaa wao.

Kinachonikera mie wala si matusi, ni mwisho. Mwanamke ameendesha duka lake la dawa za miti sura ishirini na tano, amemshinda mwanaume mara tatu, kisha wanaoana na yeye anafunga duka akamsaidie mume kwenye la kwake! Kitabu kama hicho nilikirudisha kabatini kimebakiza kurasa chache, na anayekitaka nampunguzia bei.

*Bibi Shangazi, kusoma mapenzi ya jini na mwanadamu si dhambi? – Mcha Mungu, Duga*

Fatwa mwulize shehe, mie nauza vitabu. Ila bibi zetu ambao hawakuacha sala hata moja ndio waliotujaza hadithi za majini. Na Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani, Machui, hapa hapa kwetu, mwaka 1952 alitupa Adili na Nduguze, ambamo Huria, jini wa kike, anawageuza manyani Hasidi na Mwivu, ndugu waliomtosa Adili baharini. Wazazi wetu walitununulia wenyewe.

*Shangazi, shikamoo. Naandika riwaya ya fantasia, wapinzani wanaopendana, katika mji wa kubuni unaofanana na Tanga. Nina sura tatu. Jeshi la mizimu linatoka kwenye mapango kuuteka mji, na vijana wawili mahodari wanaochukiana wanalazimika kupigana bega kwa bega. Rafiki yangu anasema hasikii chochote. Nifanye nini? – Kalamu ya Pangani*

Marahaba mwanangu. Lifukuze jeshi.

Nasema kweli. Vita Tanga imeviona, Novemba 1914, Waingereza waliposhuka na jeshi lao kutoka India wakapigwa na Wajerumani na askari wao, na nyuki nao wakaingia vitani wakawauma watu mpaka basi. Hilo limeshaandikwa na wanahistoria na halina haja ya mizimu. Katika hadithi yako mizimu inawanyima wale vijana nafasi ya kuonana. Kila wanapotaka kutazamana, mkuki unapita katikati.

Wape biashara badala ya vita. Wape kazi unayoijua wewe, unayoweza kuandika mikono yake. Mie ningekuwa na umri wako ningewapa kanga. Kanga ina pindo, ina mji pale katikati, ina jina, yaani yale maneno yake, na huuzwa doti, vipande viwili pamoja. Hapo tu una maduka mawili, yake na yake, uso kwa uso kwenye mtaa wenye namba. Uchawi uwe mdogo na uwe na gharama: tuseme jina linaloandikwa na mmoja wa hawa mafundi haliwezi kusema uongo siku ya kwanza inapotundikwa. Mwandishi wa jina akidanganya, wino unamwagika juu ya mji na kanga imeharibika, hasara ni yake. Umeona? Hakuna anayekufa, lakini kila neno lina bei.

Sasa waache wagombane kwa kanga, kama wanawake wa pwani walivyogombana siku zote. Asubuhi ya kwanza binti anatundika mlangoni, upande unaomtazama mwenzake: HASIDI HANA SABABU. Mtaa mzima unasimama kusoma, mwenye baiskeli anashusha mguu. Wino haukumwagika, maana yake binti anaamini alichoandika. Kesho yake jamaa anajibu: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Nao wino umetulia. Wiki zinapita hivyo, wateja wanapata raha, mauzo yanapanda pande zote mbili na hakuna anayekubali kwamba ni kwa sababu ya mwingine. Halafu siku moja, sura ya kumi hivi, usiharakishe, jamaa anatundika: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Akiulizwa anasema ni oda ya mteja wa Muheza. Binti anatoka kufagia kizingiti, anaisoma, anautazama wino. Hakuna hata tone. Anarudi ndani, anachukua doti moja, anaikunja, anaikunjua, anaikunja tena upande uleule. Hapo usiandike kwamba moyo ulimdunda. Tuachie doti.

Rafiki yako akisoma hapo asiposikia kitu, badilisha rafiki.

Katikati utahitaji kitu cha kuwaweka chini ya taa moja, na kwetu kitu hicho ni harusi. Sare za ukoo mzima, siku chache, duka moja halitoshi. Jamaa ana mkono wa pindo, binti ana mkono wa jina. Wakikesha kazini ndipo anapomwambia, bila kuinua macho, "Wewe huanza na herufi ya mwisho." Binti anashtuka. Ni kweli, huiandika ya mwisho kwanza ili jina lisimwishie njiani, na hakuna mtu aliyewahi kuligundua, hata mama yake aliyemfundisha. Mie nikifika hapo nafunga duka mapema.

Kuhusu maneno yao. Matusi ya nguoni hayakai kwenye hadithi ya namna hii, na mtu wa Tanga hayahitaji, ana mafumbo. Tumia adabu kama silaha. Waitane "Bibie" na "Bwana Mkubwa" kwa sauti ile unayoijua, yenye asali juu na pilipili chini. Kisha chagua mahali pamoja, pamoja tu, ambapo anasahau kusema Bibie na kumwita kwa jina lake. Ukiwa umelitunza vizuri, sentensi hiyo itafanya kazi kuliko busu. Na busu lenyewe lisubiri. Waandishi wengi wanalitoa sura ya tatu kisha hawajui wafanye nini na sura ishirini zilizobaki, ndipo wanaleta ile sokomoko ya kutoelewana ambayo ingeisha kama mmoja angeuliza, "Ulimaanisha nini?" Huo ni uvivu, mwanangu, na msomaji anauona.

Mji wako usiumwagie kila kitu. Najua unavyo: kisiwa cha Toten mbele ya bandari, mapango ya Amboni na watu wanaokwenda kutambikia humo, magofu ya Tongoni na makaburi yake, mkonge unaoanikwa, machungwa ya Muheza, chai inayoshuka kutoka Amani. Chagua viwili au vitatu uvitembelee tena na tena mpaka msomaji avizoee. Mapango yaache kwa ajili ya kuchota ule wino. Mizimu ikiwamo, iwe mizee na yenye maringo, inataka maji ya waridi na kusalimiwa vizuri kabla ya kutoa kitu, na iwe na upande wake katika ugomvi wa yale maduka. Mzimu mmoja shabiki wa binti, mwingine wa jamaa. Umeona ulivyokuwa unawapoteza kwa kuwapanga jeshini?

Andika sura ya kwanza upya uniletee. Nitaisoma bila huruma.

*Shangazi, mambo? Mimi ni Mgosi wa Kaya, Coastal Union damuni. Kuna dada mmoja shabiki wa African Sports, wapinzani wetu wa mpira hapa Tanga, kila jioni tunabishana kijiweni mpaka watu wanatuzunguka. Nimesikia anasoma hizi riwaya zako. Je, hii si dalili kwamba ananipenda? Nimpe kitabu gani? – Wa Mkwakwani*

Poa. Na kwa mtu wa rika langu huwa ni shikamoo.

Dalili sijaiona. Kwenye riwaya kuna mwandishi anayeijua mioyo yote miwili, ndiyo maana ugomvi wao una mwelekeo. Kijiweni hakuna mwandishi. Inawezekana dada wa watu anabishana nawe kwa sababu anaijua African Sports na wewe unasema uongo kuhusu African Sports. Kipimo nilichompa baba wa Chumbageni kitumie kwako mwenyewe: asipokuwepo, unamsemaje kwa wenzio?

Kitabu kipo kimoja, ni cha Kiingereza, Emily Wilde's Encyclopaedia of Faeries, cha Heather Fawcett, Mkanada, cha mwaka 2023. Wasomi wawili wapinzani wanaochunguza majini ya kizungu kwenye kijiji chenye baridi. Mwanamke hana subira na watu, mwanaume ana haiba kupita kiasi, na uvivu vilevile, na kila mmoja anaijua kazi ya mwenzake kuliko anavyopenda kukiri. Mpe, kisha kaa kimya. Usimpigie mistari chini ya sentensi, usimwulize kila siku amefika wapi, na kwa jina la Mungu usimwambie "huyu ni mimi". Akimaliza atakuja kubishana nawe kuhusu kitabu, na hapo utapata mada nyingine mbali na mpira. Ikiwa bado unataka kujua anakupenda au la, mwulize kwa Kiswahili cha kawaida, mkiwa peke yenu, na jibu lake ulipokee kama lilivyo.

Ukija kukichukua njoo bila jezi. Nina wateja wa pande zote mbili na meza ni moja.